Majina yaonekane, yafichwe, au mlango uachwe wazi? Njia tatu za kupitia ikisiri za kongamano

Dirisha la kupokea ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti ambao mtu hutuma kuomba nafasi ya kuwasilisha, limefungwa saa sita usiku. Asubuhi katibu wa kamati ya sayansi anafungua kompyuta, anakuta ikisiri 180. Kumbi ni mbili, siku ni mbili. Ukipanga vipindi vinane vya wasemaji sita sita, nafasi za jukwaani ni 48. Eneo la mabango, ambako watafiti hubandika kazi zao badala ya kuhutubia, linabeba 90. Kwa hiyo watu 42 wataandikiwa barua ya pole. Kamati inakaa, na swali la kwanza mezani ni: tunazipitiaje?

Nimekaa kwenye kamati za aina hii zaidi ya mara moja, na mara nyingi nimeona swali hilo likimalizwa kwa dakika tano: "Tufanye kama mwaka jana." Linastahili muda zaidi ya huo. Mwanafunzi wa uzamili kutoka chuo cha mkoani anaisubiri barua ya kukubaliwa kama anavyosubiri matokeo ya mtihani. Bila barua hapati nauli, na bila nauli hakutani na watu ambao wangemsomea rasimu, wangempa sampuli au wangemwandikia barua ya udhamini. Namna tunavyopitia ikisiri ndiyo inayoamua nani anaingia kwenye mazungumzo hayo.

Hapa naweka njia tatu bega kwa bega: kupitia majina ya waandishi yakionekana, kupitia majina yakiwa yamefichwa, na mchujo mwepesi unaompokea karibu kila aliyetimiza masharti. Zote zinatumika kwenye mikutano yenye heshima, na kila moja ina watetezi wenye hoja.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vinne. Cha kwanza ni haki: je, mtu asiye na jina, wa taasisi isiyofahamika, anasomwa kwa jicho lilelile analosomewa profesa? Cha pili ni uthabiti: ikisiri ileile ikipelekwa kwa watu wengine, itapata uamuzi uleule? Cha tatu ni kazi, yaani watu wangapi, saa ngapi, zana gani. Cha nne, ambacho kamati nyingi hukisahau, ni anachoondoka nacho mwandishi, hasa yule aliyekataliwa.

Sikuweka "ubora wa utafiti" peke yake. Ikisiri nyingi zina maneno 250 hadi 350, na hakuna njia ya kupima utafiti mzima ndani ya nafasi hiyo. Kinachoweza kupimwa ni kama swali liko wazi, kama mbinu zinalijibu, kama matokeo yametolewa kwa namba, na kama hitimisho limebaki ndani ya matokeo. Kwa majaribio ya tiba yenye makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu kuna mwongozo wa CONSORT wa ikisiri, uliotolewa mwaka 2008, na kamati ya afya inaweza kuugeuza kuwa fomu ya alama bila kuhangaika kubuni yake. Na kila mpitiaji ameshakutana na ile sentensi ya "matokeo yatawasilishwa kwenye kongamano". Amueni mapema mtaifanya nini, maana mpitiaji mmoja ataipa alama ya chini kabisa na mwingine ataisamehe.

Njia ya kwanza: majina yanaonekana

Mpitiaji anapewa ikisiri pamoja na majina ya waandishi na taasisi zao. Mwandishi hamjui mpitiaji. Hii ndiyo desturi ya siku nyingi, na kwenye mikutano midogo ndiyo inayotumika bila hata kujadiliwa.

*Haki.* Hapa ndipo njia hii inapoumia. Ushahidi ninaourudia mara kwa mara unatoka kwenye mkutano mkuu wa American Heart Association, chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani. Mwaka 2000 na 2001 ikisiri zilipitiwa majina yakionekana. Kuanzia 2002 yakafichwa. Watafiti wakalinganisha ikisiri 67,275 za miaka 2000 hadi 2004, na kazi yao ikachapishwa katika jarida la tiba la JAMA mwaka 2006. Majina yalipoonekana, ikisiri za Marekani zilikubaliwa kwa asilimia 40.8 na za nchi nyingine kwa asilimia 22.6. Yalipofichwa, za Marekani zikashuka hadi asilimia 33.4 na za nje zikawa asilimia 23.7. Pengo la pointi 18 likawa chini ya 10.

Kuna sehemu ya utafiti huo inayotugusa sisi moja kwa moja. Hata kati ya nchi za nje ya Marekani, zile zinazozungumza Kiingereza zilikubaliwa kwa asilimia 31.1 dhidi ya 20.9 za wasiozungumza Kiingereza. Majina yalipofichwa ikawa 28.8 dhidi ya 22.8. Sehemu ya tofauti ilibaki, na inaweza kuwa ni lugha yenyewe ndani ya maandishi. Lakini sehemu nyingine iliondoka pamoja na jina la nchi. Ulinganisho huu ni wa miaka tofauti, haukuwa jaribio la bahati nasibu, hivyo tuusome kwa uangalifu. Hata hivyo sijaona ushahidi mwingine mkubwa kiasi hicho kuhusu ikisiri zenyewe.

Upande wa pili wa haki nao upo. Mpitiaji anayeona majina anaweza kugundua kwamba ikisiri nne zimetoka kwa kundi moja na ni utafiti mmoja uliokatwa vipande. Anaweza pia kusema mapema, "Huyu nilimsimamia, nitoeni." Na kamati inayotaka kuhakikisha nchi zote za kanda zimepata nafasi inaona inachokifanya.

*Uthabiti.* Jina kubwa huwavuta wapitiaji upande mmoja, kwa hiyo alama hukaribiana. Msidanganyike: kukubaliana kwa sababu wote wamemtambua mtu si ushahidi kwamba ikisiri ni nzuri.

*Kazi.* Ni nyepesi kuliko zote zenye alama. Barua pepe na jedwali la Excel vinatosha hadi ikisiri mia moja hivi.

*Mwandishi.* Anaweza kupata maoni yanayolingana na hatua aliyopo: mpitiaji akiona ni mwanafunzi, huandika kwa ulezi zaidi. Nimeona pia kinyume chake, maoni ya mstari mmoja kwa mwanafunzi na aya nzima za sifa kwa mkubwa.

*Inawafaa* kongamano la idara au la mradi ambako wote mnajuana, na fani ndogo ambamo kuficha majina kungekuwa maigizo.

Njia ya pili: majina yamefichwa pande zote

Mpitiaji anaona namba, kichwa cha habari na maandishi. Mwandishi naye hamjui mpitiaji. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI unatumia mapitio ya namna hii.

*Haki.* Mbali na takwimu za mkutano wa moyo, kuna jaribio lililofanyika kwenye mkutano wa sayansi ya kompyuta uitwao WSDM, mwaka 2017. Kila makala ilisomwa na wapitiaji wawili walioona majina na wawili wasioyaona. Walioyaona waliwapendelea zaidi waandishi maarufu, vyuo vikuu vya juu na kampuni kubwa.

Tatizo ni kwamba pazia huvuja. Ikisiri ikitaja takwimu za ufuatiliaji wa kaya za Kilifi au za Ifakara, mtu yeyote wa afya ya jamii Afrika Mashariki ameshajua imetoka wapi, na pengine ameshakisia ni nani. Kwenye makongamano ya Kiswahili hali ni hiyohiyo: wanaoandika juu ya lahaja fulani wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huvuja zaidi upande wa wakubwa, kwa sababu ndio wanaotambulika kwa kazi zao. Mwanafunzi wa chuo kisichojulikana anabaki amefichika, na kinachofichwa kwake ni kile ambacho kingemponza: kwamba hakuna aliyewahi kumsikia. Kwa hiyo hata pazia lenye matundu humsaidia yule anayehitaji msaada zaidi.

*Uthabiti.* Hapa watu hutarajia makubwa na kukatishwa tamaa. Mkutano wa akili bandia uitwao NeurIPS, ambao huficha majina, mwaka 2014 ulipeleka makala 166 kwa kamati mbili zisizowasiliana. Kamati hizo zilitofautiana kwa makala 43, takribani robo. Na kwa kuwa mkutano ule hukataa nyingi, zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Hizo zilikuwa makala kamili zenye kurasa nyingi. Ikisiri ya maneno 300 inampa mpitiaji vitu vichache zaidi vya kushika. Kuficha majina huondoa upendeleo wa aina moja. Bahati ya nani kakusoma inabaki palepale.

*Kazi.* Mzigo unamwangukia katibu. Lazima aondoe majina ya taasisi ndani ya maandishi, na sentensi kama "kama tulivyoonesha katika utafiti wetu wa awali". Namba ya kibali cha maadili, iwe ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania) au ya kamati ya chuo, inahitajika, lakini iwekwe kwenye kisanduku chake ambacho mpitiaji hakioni. Na msikubali mafaili ya Word. Utaondoa jina juu ya ukurasa, kisha mpitiaji afungue sifa za faili alikute jina la mwandishi limekaa pale, au faili lenyewe limeitwa kwa jina la ukoo. Tumieni fomu ambayo mwandishi anabandika maandishi matupu. Mifumo ya mtandaoni ya kuendesha mapitio, kama EasyChair, Microsoft CMT na OpenReview, ina mpangilio wa kuficha majina. Kwa ikisiri chache, fomu ya Google na majedwali mawili, moja la namba na majina lililofungiwa kwa katibu, jingine la namba na maandishi, yanatosha kabisa.

*Mwandishi.* Maoni huwa makavu, maana mpitiaji hajui anamwandikia nani. Lakini mwandishi aliyekataliwa ana sababu ndogo ya kudhani amekataliwa kwa ajili ya kabila, jinsia au chuo chake, na kwa watu wengi hilo ni kubwa kuliko maoni yenyewe.

*Inawafaa* makongamano ya kanda na ya kimataifa, yenye nchi nyingi, wanafunzi wengi, na ufadhili wa nauli unaotegemea alama.

Njia ya tatu: mchujo mwepesi

Kamati haitoi alama. Inakagua: ikisiri iko ndani ya mada? Imefuata idadi ya maneno? Kibali cha maadili kipo pale kinapohitajika? Matokeo yapo? Si tangazo la dawa au la kifaa? Aliyepita anakaribishwa, wengi wao kwa bango au wasilisho fupi. Mkutano wa Machi wa American Physical Society, chama cha wanafizikia cha Marekani, uliokuwa mmoja wa mikubwa zaidi ya fizikia kabla ya kuunganishwa na ule wa Aprili mwaka 2025, kwa desturi uliwapa wanachama wake nafasi fupi fupi za kuzungumza badala ya kuwashindanisha kwa alama.

*Haki.* Mlangoni ni haki kuliko njia zote. Lakini ushindani haujafutwa, umehamishwa. Mtu bado atachagua wasemaji wakuu na vipindi vya asubuhi ukumbi unapokuwa umejaa, na kama uamuzi huo unafanywa kwa simu kati ya watu watatu, upendeleo umerudi kwa mlango wa nyuma na sasa hauna hata karatasi.

*Uthabiti.* Mkubwa sana, kwa sababu maswali ni ya ndiyo au hapana.

*Kazi.* Watu wanne wanaweza kumaliza ikisiri 180 kwa siku moja. Gharama inakuja baadaye: kumbi zaidi, mbao zaidi za mabango, chai zaidi.

*Mwandishi.* Anapata nafasi ya kusikilizwa, na hilo lisidharauliwe. Tathmini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa afya, iliyosasishwa mwaka 2018 ilikuta kwamba kati ya tafiti zilizowasilishwa kama ikisiri, asilimia 37 hivi tu ndizo zilizochapishwa baadaye kama makala kamili. Kwa tafiti nyingi, bango lile ndilo mahali pekee zitakapoonekana. Mtu anaweza kusema: basi tufungue mlango, kazi zisipotee. Mwingine atasema: basi tuchuje sana, maana hakuna jarida litakalokuja kuzisahihisha. Naona wote wawili wana haki. Lakini mwandishi ajue kwamba baadhi ya wafadhili huuliza kama ikisiri ilipitiwa na wataalamu, na kwamba makongamano ya kitapeli nayo hukubali kila kitu. Andikeni wazi kwenye tangazo lenu mnachokagua, ili watu waweze kuwatofautisha.

*Inawafaa* mkutano wa mwaka wa chama cha wanataaluma, ambako lengo ni wanachama kukutana, na kongamano jipya linalotafuta watu wake.

Alama zikishapatikana, kazi ndiyo inaanza

Njia mbili za kwanza zinaishia kwenye alama, na watu hudhani alama zinajipanga zenyewe. Hazijipangi.

Chukua ikisiri mbili. Ya kwanza imepata 5, 5 na 2. Ya pili imepata 4, 4 na 4. Wastani wa zote ni 4. Ya pili haijamkera mtu. Ya kwanza imewafurahisha wawili na kumuudhi mmoja, na mara nyingi ndiyo yenye jambo jipya, au ndiyo yenye kosa la takwimu ambalo mmoja tu kaliona. Jedwali haliwezi kukuambia ni lipi. Lazima mtu asome maoni ya yule aliyetoa 2.

Kisha kuna wapitiaji wakali. Kwenye kamati moja niliyokaa, mada nzima ilikuwa imezama chini ya orodha, tukaanza kusikitika kwamba mwaka ule kazi za eneo hilo zilikuwa dhaifu. Baadaye mmoja wetu akagundua kwamba karibu zote zilisomwa na mtu yuleyule, ambaye wastani wake wa alama ulikuwa 2.4 wakati wenzake walikuwa karibu na 4. Waandishi wale hawakuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nasisitiza mambo mawili: ikisiri zigawiwe kwa bahati nasibu ndani ya kila eneo la utaalamu, na kila alama ilinganishwe na wastani wa aliyeitoa kabla ya kuingia kwenye orodha.

Tena, kikao cha mwisho kisipoteze muda kwa zilizo juu kabisa wala chini kabisa. Kwa zile wapitiaji hukubaliana. Wekeni nguvu kwenye zile ishirini au thelathini zilizo pembeni mwa mstari, juu yake na chini yake, zisomwe upya kwa sauti. Pale ndipo mwandishi mmoja anapata jukwaa na mwenzake anakosa kwa tofauti ya 0.1 isiyo na maana yoyote.

Na kuhusu muda: ikisiri 180 zikisomwa na watu watatu kila moja ni masomo 540. Ukiwa na wapitiaji 30, kila mmoja ana 18. Kwa dakika nane kwa ikisiri, ni saa mbili na dakika 24. Hilo mtu mwenye kazi nyingine analimudu. Ukiwa na wapitiaji kumi, ni zaidi ya saa saba kwa kila mmoja, na za mwisho zitasomwa usiku kwa macho mazito.

Uchague ipi, kwa hali gani

Kama ikisiri hazifiki 50 na waandishi wengi ni wa taasisi moja au mbili, acheni majina yaonekane. Wekeni sheria moja tu isiyopindishwa: msimamizi, mwandishi mwenza au ndugu anatoka nje ikisiri hiyo inapojadiliwa, na kutoka kwake kunaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kama mnapokea kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na kuna ufadhili wa nauli, ficheni majina wakati wa kutoa alama. Mkishafunga alama, fungueni majina kwenye kikao cha kupanga ratiba, ili muone kama nchi moja au kundi moja limejaza jukwaa zima. Mchanganyiko huu ndio ninaoupendekeza mara nyingi kwa kamati za kanda, mradi orodha ya alama ihifadhiwe kama ilivyokuwa kabla majina hayajafunguliwa, na kila badiliko lililofanywa baada ya hapo liwe na sababu iliyoandikwa.

Kama fani yenu ina watu arobaini na mnajuana wote, kuficha kutawapa faraja ya uongo. Tafuteni mpitiaji mmoja kutoka fani jirani kwa kila ikisiri. Hatawajua waandishi, na atauliza swali ambalo ninyi mmeacha kuliuliza.

Kama ni mkutano wa chama na kumbi mnazo, tumieni mchujo mwepesi kwa mabango, na toeni alama kwa wale tu walioomba jukwaa.

Kama wengi wa waandishi wenu ni mara yao ya kwanza, anzeni mapema kuliko mapitio yenyewe. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI una utaratibu wa walezi wanaosoma rasimu za watafiti wachanga kabla hazijatumwa. Kongamano dogo linaweza kufanya hivyo kwa watu watano wa kujitolea na wiki tatu kabla ya dirisha kufungwa. Na katika fomu ya mpitiaji, ongezeni kisanduku kimoja cha lazima: "Mwandishi abadilishe nini kwanza?"

Kama muda umewaishia, mna wiki mbili na wapitiaji hawatoshi, wapeni ikisiri wasomaji wawili wawili badala ya watatu. Wakitofautiana kwa alama mbili au zaidi, katibu aipeleke kwa wa tatu bila kumwonesha alama za wale wa mwanzo.